Kura ya Wadi: Maana Yake na Namna Mkazi wa Nairobi Anavyojiandaa Kuipiga

Kura ya wadi ni kura ambayo mpigakura huitumia kumchagua mtu mmoja wa kumwakilisha katika bunge la kaunti yake. Nchini Kenya, mjumbe huyo hujulikana rasmi kama mwakilishi wa wadi, ingawa mitaani wengi humwita MCA, na wazee bado humwita diwani. Katika uchaguzi mkuu, kura hiyo ni mojawapo ya sita ambazo kila mpigakura hukabidhiwa kwa siku moja. Mnamo tarehe 9 Agosti 2022, karatasi hizo zilitofautishwa kwa rangi: nyeupe ilikuwa ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, na kahawia hafifu ya mwakilishi wa wadi. Mazungumzo ya matatuni na vibandani huishia mara nyingi kwenye ile nyeupe. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi Nairobi, hakuna kura inayomhusu mjumbe aliye karibu naye zaidi kuliko hiyo ya kahawia, wala hakuna inayohitaji maandalizi ya mapema zaidi, kwa kuwa thamani yake hutegemea mahali ambapo mtu amejisajili.

Wadi ni sehemu ndogo kuliko zote za uchaguzi. Kenya ina wadi 1,450, na Kaunti ya Nairobi ina 85 zilizogawanywa katika maeneo bunge 17. Kibra, kwa mfano, ni eneo bunge moja lenye mbunge mmoja, lakini lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley/Kenyatta Golf Course na Sarang'ombe, na kila moja ina mjumbe wake. Mpango huu ulitokana na Katiba iliyoidhinishwa mwaka 2010, ukaanza kutumika kikamilifu baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Kabla ya hapo Nairobi iliendeshwa na baraza la jiji lenye meya na madiwani, na waziri wa serikali za mitaa alikuwa na sauti kubwa juu ya baraza hilo. Siku hizi bunge la kaunti lina mamlaka ambayo baraza la zamani halikuwahi kuwa nayo.

Mamlaka hayo ni ya aina tatu, yaani kutunga sheria za kaunti, kuwakilisha wakazi, na kuikagua serikali ya gavana. Hapa ndipo wapigakura wengi huchanganyikiwa, na wagombeaji hawana haraka ya kuwaondolea utata huo, kwa sababu ni rahisi zaidi kuahidi barabara kuliko kueleza makadirio ya bajeti. Mwakilishi wa wadi hajengi barabara wala haajiri wauguzi. Fedha hutumiwa na gavana pamoja na mawaziri wake wa kaunti. Anachofanya mwakilishi ni kupitisha au kukataa bajeti inayosema barabara ipi itajengwa, kuwaita mawaziri hao mbele ya kamati waeleze kwa nini haikujengwa, na kupigia kura Muswada wa Fedha ambao hupanga ada za kuegesha magari, leseni za biashara na ushuru wa sokoni. Mama mboga wa Gikomba na mwenye duka la simu katikati ya jiji hulipa kile ambacho wajumbe hao wamekipitisha.

Ni vyema pia kujua ni mambo gani yako chini ya kaunti na yapi hayako, la sivyo mtu atampima mgombeaji kwa ahadi zisizokuwa na maana. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti kazi za afya, uzoaji wa taka, masoko, mifereji ya maji ya mvua, taa za barabarani, maji na usafi, elimu ya chekechea, zimamoto na leseni za vileo. Hospitali za Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ziko chini ya Kaunti ya Nairobi, ilhali Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta haiko. Shule za msingi na za sekondari, pamoja na polisi, ni za serikali ya kitaifa, na hata barabara kadhaa kubwa za jiji husimamiwa na mashirika ya kitaifa. Mgombeaji wa wadi anayeahidi kuongeza askari polisi mtaani ama hajui kazi anayoiomba, ama anaijua na anatumaini kwamba wewe huijui.

Nguvu ya bunge hilo si ya maandishi tu. Mnamo Desemba 2020, wawakilishi wa wadi wa Nairobi walipiga kura ya kumwondoa gavana wa wakati huo, Mike Sonko, na Seneti ikaidhinisha uamuzi wao katika mwezi huohuo. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu tukio hilo, lakini linaonyesha kwamba mtu aliyechaguliwa na wakazi wa mitaa michache anaweza kushiriki katika kumng'oa kiongozi aliyechaguliwa na jiji zima.

Kuna sababu nyingine ya kuichukulia kura hii kwa uzito, nayo ni hesabu. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapigakura waliojisajili zaidi ya milioni 2.4. Idadi hiyo ikigawanywa kwa wadi 85, kila wadi hupata wastani wa watu 28,000 hivi, na wengi wao hawajitokezi siku ya uchaguzi. Tena mwakilishi wa wadi hahitaji kupata nusu ya kura zilizopigwa, bali anahitaji tu kuwashinda wenzake. Wagombeaji wakiwa wengi, kama ilivyo kawaida Nairobi, kura hutawanyika, na mtu anaweza kuingia bungeni kwa kuungwa mkono na sehemu ndogo ya wakazi. Kwa hiyo wapangaji wa majengo machache ya ghorofa pale Pipeline wanaweza kubadilisha matokeo ya wadi, jambo ambalo hawawezi kulifanya peke yao katika kura ya rais.

Lakini wapangaji hao mara nyingi hawamo katika sajili ya Pipeline. Wakenya wengi wanaoishi Nairobi wamejisajili vijijini walikozaliwa wao au wazazi wao, na kila mwaka wa uchaguzi vituo vya mabasi hujaa watu wanaokwenda nyumbani kupiga kura, huku nauli zikipanda. Sheria haiwakatazi, na sababu zao si za kupuuzwa: shamba liko kule, wazazi wako kule, na wengine huona usalama zaidi wakiwa kwao msimu wa siasa unapopamba moto. Tatizo ni kwamba mtu hapewi kura mbili. Katiba inaruhusu usajili katika kituo kimoja tu, kwa hiyo anayempigia kura mwakilishi wa wadi kijijini anakuwa amewaachia majirani zake wa Nairobi uamuzi wote kuhusu takataka zinazorundikana mlangoni pake, maji yanayokatika, na zahanati anakompeleka mtoto usiku. Hulipa ada za kaunti hii mwaka mzima, kisha siku ya kuamua nani atazisimamia yuko umbali wa mamia ya kilomita. Kwa maoni yangu, mtu anayekaa kijijini wiki mbili za Desemba na jijini miezi mingine yote ana sababu nzuri ya kuhamisha kura yake, ijapokuwa najua kwamba ushauri huu haupokelewi kwa furaha katika familia nyingi.

Maandalizi, basi, huanza na sajili. Anayeruhusiwa kujisajili ni raia mtu mzima, mwenye akili timamu, ambaye hajapatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Hupaswa kufika mwenyewe mbele ya afisa wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, akiwa na kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ambayo haijapitwa na wakati, na huko huchukuliwa alama za vidole na picha. Aliyekwisha kujisajili mahali pengine hajisajili upya. Huomba kuhamishiwa kituo kingine, na sheria inamtaka atoe ombi hilo siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Kwa kuwa Katiba imeweka uchaguzi mkuu katika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, uchaguzi ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027, na yeyote atakayekumbuka jambo hili mwezi wa Juni mwaka huo atakuwa amechelewa. Anayengoja kitambulisho chake cha kwanza anafaa kukiomba mapema zaidi, maana bila hicho, au pasipoti, hakuna usajili.

Uchaguzi mdogo una sheria kali zaidi. Kiti kikishatangazwa kuwa wazi, usajili katika eneo hilo husimamishwa hadi kura ipigwe, hivyo hakuna nafasi ya kukimbilia kujiandikisha baada ya kusikia habari. Wakazi wa wadi ya Kariobangi Kaskazini walipiga kura ya aina hiyo mnamo tarehe 27 Novemba 2025, siku moja na maeneo mengine kadhaa nchini. Baadhi ya maeneo hayo yalikuwa yamekaa muda mrefu bila mjumbe, kwani IEBC haikuwa na makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025.

Baada ya sajili, kazi inayobaki ni kuwajua wagombeaji. Uteuzi wa vyama, maarufu kama mchujo, hufanyika miezi michache kabla ya uchaguzi, na katika wadi ambako chama kimoja kina nguvu nyingi, mchujo ndio hasa uchaguzi. Asiyejali hatua hiyo hukuta jina limekwisha kuamuliwa. Wapo pia wagombeaji huru wasio na chama. Kama mwakilishi aliyepo anatetea kiti chake, maswali ya kumuuliza ni mepesi: alisema nini bungeni kuhusu wadi hii, alikaa katika kamati gani, basari zilienda kwa nani, na fedha zilizotengewa wadi zilifanya kazi gani inayoonekana kwa macho. Kama ni mgeni, aulizwe anafahamu nini kuhusu bajeti ya kaunti, ambayo mwaka wake huanza tarehe 1 Julai. Kuhusu noti zinazogawanywa usiku wa kuamkia uchaguzi, ifahamike kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 humhesabu mpokeaji kuwa mkosaji sawa na mtoaji.

Siku yenyewe haina mengi. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo huruhusiwa kupiga kura. Mpigakura hubeba hati ileile aliyojisajili nayo. Shule moja inaweza kuwa na vyumba vingi vya kupigia kura, kila kimoja kikihudumia wapigakura wasiozidi 700, kwa hiyo afadhali kusoma orodha zilizobandikwa getini kabla ya kupanga foleni isiyo yako. Mashine ikishatambua alama ya kidole, karani humpa mpigakura karatasi zake, naye huweka alama mbele ya jina moja tu katika kila karatasi na kuitumbukiza katika sanduku lenye kifuniko cha rangi inayolingana nayo. Asiyeweza kusoma au kuona anaweza kusaidiwa na mtu mzima aliyemchagua mwenyewe, na msaidizi huyo haruhusiwi kumsaidia mpigakura mwingine. Asiye na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa vyama na wagombeaji.

Kura za wadi huhesabiwa palepale kituoni, na fomu ya matokeo hubandikwa hadharani ili mkazi yeyote aweze kuisoma na kuilinganisha na jumla itakayotangazwa baadaye. Anayeamini kwamba matokeo ya wadi hayakuwa halali ana siku 28 za kuwasilisha kesi baada ya kutangazwa kwake. Kesi ya kiti cha mwakilishi wa wadi husikilizwa katika mahakama ya hakimu, tofauti na za mbunge na gavana zinazoanzia Mahakama Kuu, na sharti iamuliwe ndani ya miezi sita.