Mkia wa bakteria na hoja ya msanifu

Wanaosema viumbe lazima viwe na msanifu mwenye akili wanapenda sana kutaja flajela, ule mkia wa bakteria, na mimi kama mtu wa mikrobiolojia siwalaumu, maana ile ni mota kabisa. Kwa E. coli, bakteria wa utumbo, kuna pete zimepachikwa kwenye ukuta wa seli, mhimili unapita katikati, halafu kiungo kilichopinda ndo kinashika mkia wenyewe, umeme wake ni protoni, chembe ndogo sana zenye chaji, zinazoingia ndani ya seli, na inazunguka zaidi ya mara mia kwa sekunde.

Mwaka 1996 Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani, akasema kitu kama hiki ukitoa kipande kimoja tu kimekwisha, kama mtego wa panya, kwa hiyo hakiwezi kuwa kimetokea kidogo kidogo. Inavutia, ila inachukulia kila kipande kimekuwa na kazi hiyohiyo tangu mwanzo. Sasa mcheki Yersinia pestis, bakteria wa tauni: ana kifaa kama sindano cha kudunga protini zake kwenye seli zetu, na protini nyingi za kitako chake ni ndugu kabisa wa zile za kitako cha flajela. Mkia hamna, kuogelea hamna, na kazi inafanyika, tena kazi yenyewe ya kuua watu! (Kipi kilitangulia kati ya hivyo viwili wamebishana sana, ila haimsaidii Behe.) Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki, yeye alitoa vipande viwili kwenye mtego wa panya akauvaa kama kibanio cha tai, nilicheka sana.

Behe alitoa ushahidi kwenye kesi ya Dover, Pennsylvania, 2005, iliyohusu kuingiza hoja ya msanifu kwenye somo la biolojia shuleni, na Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, akaamua hoja hiyo si sayansi. Kuhusu Mungu mimi sisemi kitu, darubini yangu haifiki huko.

Ninachokipenda zaidi ni jaribio la 2015. Watafiti walimfutia bakteria wa udongoni, Pseudomonas fluorescens, jeni ya fleQ, swichi kuu ya flajela, bakteria wakabaki wamekwama palepale, chakula cha karibu kikawaishia, na ndani ya saa 96 wengine wakawa wanaogelea tena! Protini ya kusimamia naitrojeni ilikuwa imebadilika ikaanza kuwasha jeni za mkia. Tuseme ukweli, flajela haikujengwa kutoka sifuri pale, jeni za vipande zilikuwepo, kilichoonekana ni protini ya kazi nyingine kudakwa na kupewa kazi mpya, na tena kwa gharama, maana usimamizi wa naitrojeni wenyewe ukavurugika.