Siku 21 na dhana nyingine potofu kuhusu mazoea ya kazi

Anayeshindwa kupanga kazi zake huitwa mvivu, na jina hilo likishamganda, hata yeye mwenyewe huliamini. Inaniuma, kwa sababu mengi anayoshauriwa ayafanye hayana msingi.

Dhana: tabia mpya hujengeka kwa siku 21

Hesabu hii husambaa sana kila Januari. Chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Hakuwa akizungumzia kuandika hesabu za duka kila jioni.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London walilipima jambo lenyewe. Watu 96 walijichagulia kitendo kimoja cha kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana. Kwa makadirio yao, mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka akifanye bila kujisukuma, wengine 18, wengine hadi 254. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu chochote cha maana. Hilo ndilo ningependa lisambae kuliko namba zote, maana wengi huacha kabisa kwa sababu ya Jumatano moja iliyowapita.

Dhana: mchapakazi hufanya mambo mengi kwa mpigo

Akili huhama kutoka kazi moja kwenda nyingine, na kila ikihama inapoteza muda. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiiacha kazi katikati, sehemu ya mawazo hubaki kulekule. Kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp wa nusu dakika unakugharimu zaidi ya nusu dakika.

Dhana: anayeahirisha kazi ni mvivu

Mtazame mwanafunzi aliyetakiwa kuandika sura ya kwanza ya utafiti wake. Siku hiyo atafua, atadeki, atapanga kabati zima. Uvivu uko wapi hapo? Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wanaeleza kwamba kuahirisha ni njia ya kukimbia hisia mbaya zinazoletwa na kazi: hofu ya kukosea, kuchoshwa, kutojua pa kuanzia. Kumkaripia kunaongeza hisia zilezile anazozikimbia.

Kinachosaidia ni kuipunguza kazi mpaka isitishe tena, kisha kuifunga kwenye jambo ambalo tayari lipo katika siku yako. Usiseme tu "nitaandika hesabu." Sema: "Nikimaliza swala ya Alfajiri, kabla sijashika simu, nitaandika mauzo ya jana." Wanasaikolojia Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mipango ya namna hii mwaka 2006, wakaona inawasaidia watu kutimiza walichokusudia. Nguvu yake ni kwamba uamuzi umeshafanyika, hivyo asubuhi hubishani na nafsi.

Wapo pia ambao hangaiko hili limewaandama tangu utotoni, shuleni, nyumbani na kazini. Huenda ni ADHD, hali ya ubongo inayotambuliwa na kutibiwa. Hao wanastahili kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, mahubiri hayawatoshi.

Dhana: ukijituma, utamaliza kwa muda uliojipangia

Fundi cherehani anayepokea vitambaa wiki mbili kabla ya Idi haongopi anapomwambia kila mteja "njoo Ijumaa." Anaamini. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979: tunapokadiria, tunaiangalia kazi iliyo mbele yetu na kuzisahau zilizopita. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu. Walikadiria siku 34 kwa wastani. Walipoulizwa itakuwaje mambo yote yakienda vibaya, walisema 49. Ikawachukua takriban 55.

Bidii haiwezi kuziba pengo hilo, ila daftari linaweza. Andika tarehe ulipolikata gauni na tarehe lilipochukuliwa, pamoja na siku ambazo umeme ulikatika na uzi ukakosekana. Kama magauni matano ya mwisho yenye bitana yalichukua siku nne kila moja, mteja wa sita mwambie siku nne, hata kama leo mkono una kasi.