Mkosoe Msanii wa Kike kwa Kazi Yake: Ufafanuzi wa Kifungu cha 23

Malalamiko ya wasanii wa kike kuhusu kutukanwa mtandaoni yanazidi kutufikia, na utetezi wa wanaolalamikiwa haubadiliki: "Nilikuwa natoa maoni." Kutoa maoni ni haki, na hakuna anayeomba wimbo mbovu usifiwe. Ila mengi ya hayo yanayoitwa maoni hayaugusi wimbo kabisa.

Kipimo ni chepesi. Futa jina lake, weka la msanii wa kiume, kisha soma upya. "Beti ya pili haina vina, na jukwaani pumzi inamkatikia kabla ya kiitikio" inabaki na maana ileile. "Kajifungua, kaumuka, astaafu" inageuka kichekesho, maana mwanamume akinenepa huambiwa ana kitambi cha pesa. Mwenye watoto kwa wanawake watatu ni mwamba. Binti aliyeachana na mpenzi wa pili ni kicheche. Akinunua gari, kahongwa na danga. Na lile swali la "nani kamwandikia?" linawaandama wanawake, ilhali kila aliyekanyaga studio anajua kuwa wanaume nao huandikiwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, alisimangwa kwa sura na asili yake. Akajibu kwa wimbo kwamba uzuri si hoja. Karibu miaka mia imepita, masimango ni yaleyale.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lisomeni vizuri neno "isiyopungua": hicho ndicho kiwango cha chini. Kuchapisha picha za ngono kunaangukia kifungu cha 14, kinachoanzia shilingi milioni 20 au miaka 7. Zikiwa chafu kupindukia, milioni 30 au miaka 10. Kama nia inayotajwa na kifungu cha 23 ilikuwepo au la, mahakama ndiyo itakayoamua. Lakini "mimi nimeforwadi tu" na "si ni staa, kajianika mwenyewe" tumeshazisikia mno, na ustaa haujatajwa popote katika kifungu cha 23 kuwa ruhusa ya kumtukana mtu.

Kwa msanii au meneja wake: usijibu, usifute. Piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, kisha nakili kiungo cha chapisho lenyewe. Jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja, na skrinshoti isiyo na kiungo ni rahisi kukanwa. Video ihifadhiwe nzima. Nenda kituo cha polisi, toa maelezo, uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Kuripoti Instagram au TikTok kufanyike baada ya ushahidi kuhifadhiwa. Wengi hugeuza mpangilio huu, chapisho linaondolewa, wanafika kwetu mikono mitupu.

Picha za faragha zikivuja au ukitishiwa nazo, tumia StopNCII.org. Alama ya kidijitali ya picha hutengenezwa kwenye simu yako, picha yenyewe haiendi popote, na mitandao inayoshiriki huitumia alama hiyo kuzuia nakala. Ni kwa picha za mtu aliyetimiza miaka 18.

Simu iliyopokea ujumbe isifomatiwe wala kuuzwa mpaka shauri limalizike.