Kuokoa data maana yake nini hasa, laptopu ikigoma kuwaka

Ukipita Kasese mjini, au ukishuka Kampala kule chini kwenye majengo ya simu na kompyuta, utakuta vibao vya fundi vimeandikwa TUNAOKOA DATA, na hapo hapo chini tunafungua simu, tunaweka Windows, tunatoa fotokopi, picha za paspoti dakika tano. Yote kwa kibao kimoja. Sa mtu akibeba laptopu yake iliyokufa anaona kibao anaingia, anasema nisaidie data yangu, fundi anasema sawa acha hapa urudi jioni, na hakuna hata mmoja kati yao amemuuliza mwenzake hiyo "kuokoa" unamaanisha gani. Shida inaanzia hapo hapo.

Maana hilo neno limebeba kazi tatu ambazo hata hazifanani. Kuna kutengeneza mashine iwake tena. Kuna kutoa faili, yaani faili ni nzima ziko mahali pake ila mlango umefungwa. Halafu kuna kufufua faili, hapo faili zenyewe zimefutwa au diski inayozibeba inakufa. Ukienda na shida ya kutoa ukapewa dawa ya kutengeneza, unaweza kurudi nyumbani na laptopu inawaka vizuri sana, safi kabisa, haina kitu ndani.

Chukulia hivi. Boda imekufa injini njiani, tuseme pale Hima, na nyuma umefunga mkungu wa matoke. Injini imekufa, matoke yako mazima. Huhitaji kusubiri injini itengenezwe ndo ule, unafungua kamba unashusha mkungu unapakia kwa boda ingine unaendelea na safari. Laptopu ni hiyo boda. Mkungu ni diski, kale kasanduku ka ndani kanakobeba picha, barua, hesabu za duka, kila kitu ulichowahi kusevu. Madabodi (ule ubao mkuu wa ndani) ikiungua, skrini ikipasuka, chaja ikakataa, Windows ikagoma kupanda, diski mara nyingi haijali, yenyewe inabaki na vitu vyake. Kwa hiyo mtu akiniambia kompyuta imekufa na kazi yangu yote imeenda, namwambia subiri kwanza, hizo ni habari mbili.

Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea laptopu yake mwisho wa muhula wa tatu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena, toka hapo mashine haitoi hata taa. Ndani kulikuwa na maksi za darasa la sita za mwaka mzima, kwa Excel, na ripoti zilikuwa zinatakiwa Ijumaa. Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine aliyemwambia tuweke Windows mpya itapona. Mashine haiwaki taa, unaiwekea Windows kupitia wapi bana? Nikamwambia mwalimu, niambie kitu kimoja tu, unataka laptopu iwake au unataka maksi? Akasema maksi, laptopu baadaye.

Basi nikageuza mashine, nikafungua skrubu za nyuma na bisibisi ndogo ya nyota, ya kwake ilikuwa ya zamani kidogo ina diski ya inchi 2.5, ile bapa ya chuma inayotosha kwa kiganja. Unaivuta polepole kwa upande inatoka. Kuna kebo fulani, upande mmoja unashika diski upande wa pili ni USB ya kawaida, hata maduka ya simu wanauza na haina bei ya kutisha. Nikachomeka kwa kompyuta yangu, diski ikaanza kunguruma kidogo kidogo, ule mngurumo mzuri wa sawasawa, baada ya sekunde kadhaa ikatokea kwa skrini kama vile umechomeka flashi kubwa. Kutoa faili ndo hiyo, hakuna uchawi ndani.

Ukiingia, tafuta folda inaitwa Users, ndani yake kuna folda yenye jina lako, Windows inaweza kukuambia huna ruhusa, bonyeza kuendelea na usubiri. Watu wengi wanabeba Documents peke yake wanafunga. Maksi za mwalimu hazikuwa Documents, zilikuwa Desktop, na zingine Downloads kwa sababu mwenzake alikuwa anamtumia kwa imeli. Kwa hiyo chukua folda nzima yenye jina lako, usichague chague. Na uwe na subira, kwa USB ya zamani GB 40 inaweza kumaliza karibu nusu saa, vifaili vidogo vidogo vikiwa vingi ni zaidi, ukiona imesimama usichomoe.

Sio kila mashine inatoa diski hivyo. Laptopu nyingi za siku hizi zina SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, nyembamba inayofanana na kipande cha chingamu, hiyo nayo inatoka ila inataka kasha lake la USB, na angalia ni ya aina ya NVMe au SATA kwa sababu kasha la moja linaweza lisisome nyingine. Vile vilaptopu vya bei nafuu, vya GB 32 au 64, mara nyingi vina hifadhi iliyochomelewa moja kwa moja kwa madabodi, hakuna cha kuvuta. Na MacBook za miaka ya karibuni ni hivyo hivyo, SSD imechomelewa na vitu vyake vimefungwa kwa msimbo ambao chipu ya mashine ileile tu ndo inaufungua, kwa hiyo hapo bila madabodi kufufuka hata kidogo hupati kitu. Kwa mashine kama hizo kutengeneza na kutoa zinakuwa kazi moja, na bei inapanda.

Kama mashine inawaka taa, feni inazunguka, ila Windows ndo haipandi, inazunguka tu vile vidoti au inaleta skrini ya buluu, usifungue hata skrubu moja. Tafuta kompyuta nzima na flashi ya GB 8, shusha Linux ya bure, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows ilivyo, kwa mfano Ubuntu au Mint, iandike kwa flashi na programu kama Rufus (flashi itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye picha za harusi). Chomeka kwa mashine gonjwa, iwashe huku unabonyeza F12, zingine F9, zingine Esc, inategemea kampuni, inakuletea uchague kuwaka kutokea flashi. Ikipanda chagua kujaribu, USICHAGUE KUSAKINISHA, nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapo ndo watu wanafutia kila kitu kwa mkono wao wenyewe. Linux inakaa kwa RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, haigusi diski, unafungua folda zako unazinakili kwenda diski ya nje. Wakati mwingine itakuambia diski ya Windows inasomeka tu haiandikiki kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri. Ni sawa kabisa, sisi tunataka kusoma.

Na kama huna flashi ya Linux kuna njia moja ya kijanja ninayoipenda. Windows ikishindwa kupanda mara kadhaa huwa inaleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, ndani yake kuna dirisha jeusi la kuandika amri. Andika notepad bonyeza enter. Notepad inafunguka! Sa nenda File, Open, badilisha ionyeshe faili zote, na hicho kidirisha kidogo cha kufungulia kinakuonyesha diski nzima, unabofya kulia kwa folda unanakili unabandika kwa flashi. Ukibandika hakuna mstari unaokuonyesha imefika wapi, inakaa kimya tu kama imekufa, usiiguse mpaka imalize. Ni ya kizamani lakini imewahi kuniokoa usiku wa saa sita.

Kuna ukuta mmoja lakini. Inaitwa BitLocker, ni kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, na laptopu nyingi mpya za Windows 11 inajiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, mwenyewe hujui hata kama ipo. Ukitoa diski kama hiyo ukaichomeka kwingine inaomba ufunguo wa tarakimu 48. Huo ufunguo kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu utafute, na kama laptopu ni ya ofisi waulize watu wa kompyuta wa ofisi. Tatizo ni watu wengi akaunti walifunguliwa na aliyewauzia mashine, imeli hawaijui, paswedi hawaijui, na aliyeuza alishabadilisha laini. Bila ufunguo hakuna fundi wa mtaani atafungua, akikuambia lete hela nitavunja, beba mashine yako uondoke. Kama laptopu yako inawaka leo, angalia leo kama ina hiyo kufuli na ufunguo wake uko wapi.

Mpaka hapa tulikuwa bado kwenye kutoa. Kufufua ni kitu kingine.

Faili ukiifuta, au fundi akifomati diski haraka haraka, yaani kuifanya ionekane tupu kama mpya, kompyuta huwa haiendi kusugua maandishi. Inafanya kama mwenye duka anayefuta jina lako kwa daftari la mizigo aliyowawekea wateja, mchele bado uko kwa gunia, ila hakuna pameandikwa ni wa nani, na mteja mwingine akija atapewa. Kwa hiyo data inabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndo maana dawa ya kwanza ya faili iliyofutwa ni kuacha kutumia hiyo mashine, sasa hivi, usishushe programu ya kufufua kwa diski ileile maana unaweza kuwa unaiandika juu ya picha unazozitafuta. Programu kama PhotoRec, ya bure, inapita diski yote inatafuta alama za mwanzo wa faili, hii inafanana na picha, hii inafanana na waraka, inazivuta. Majina kawaida yamepotea, unapata maelfu ya faili zinaitwa f na namba, unakaa jioni nzima unafungua moja moja. Lakini zipo.

Hiyo ni kwa diski ya kuzunguka. Kwa SSD habari ni mbaya. SSD ina tabia inaitwa TRIM, faili ikifutwa Windows inaiambia diski hizi nafasi hazina kazi tena, na diski inazisafisha kabisa kwa wakati wake, inaweza kuwa baada ya dakika chache. Watu wanafurahia SSD ina spidi, na kweli ina spidi, hata ya kusahau.

Halafu kuna diski yenyewe kufa mwilini. Ndani ya diski ya kuzunguka kuna sahani zinazokwenda mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko vumbi lolote unaloliona. Laptopu ikianguka ikiwa imewaka kichwa kinaweza kugonga sahani. Ukisikia tk... tk... tk... inarudia rudia, zima. Usiiwashe tena kuona kama leo imeamka vizuri, kila ukiwasha unaikwaruza zaidi. Na usikubali mtu afungue kile kifuniko cha diski mezani kwake hapo kando ya barabara na lile vumbi la boda, diski zinafunguliwa kwenye vyumba vyenye hewa iliyochujwa. Zile hadithi za kuiweka kwa friza achana nazo, unyevu utamalizia kilichobaki.

Kama diski haigongi ila inasoma kwa shida, inakwama kwama, kuna programu ya Linux inaitwa ddrescue inayonakili diski nzima kwenda nyingine, inaanza na sehemu zinazosomeka kirahisi, zile mbovu inazirudia mwishoni. Halafu unafanyia kazi nakala. Kosa ninaloliona sana ni fundi kukimbilia chkdsk, ile ya Windows ya kurekebisha diski, kwa diski inayokufa. Chkdsk kazi yake ni kunyoosha daftari, ikiona ukurasa hausomeki inaweza kuurarua. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliiendesha kwa diski ya shangazi yangu, na folda tatu za picha zikageuka majina ya FOUND.000 zenye vipande ndani. Bado ananikumbusha kila Krismasi.

Mwalimu yeye diski yake ilikuwa nzima, hakukuwa na cha kufufua. Maksi zilitoka siku ileile, nikamwekea kwa flashi na ingine kwa imeli yake, akakaa hapo hapo akafungua Excel kuhakikisha darasa la sita wote wapo. Akauliza, sa na mashine je? Nikamwambia hiyo ni kazi ingine mwalimu, madabodi imeungua. Akapiga hesabu kichwani, akaniachia. Iko chini ya meza yangu hadi leo, skrini yake nilishaitoa nikaitumia kwingine kwa ruhusa yake, na diski niliitia kwenye kasha la USB, anatembea nayo mfukoni.