Mrija wa kaboni hauingii mwilini bila nguo

Juzi tumekaa barazani Mji wa Kale, mahamri na mbaazi mbele yetu, shangazi akaniuliza, mwanangu hayo masizi unayoshinda nayo maabara yatibu kansa ama hayatibu? Nikacheka manake kweli ni kama masizi, unga mweusi tititi.

Sasa chukua seng'enge ya kuku, ile ya matundu ya pembe sita, ikunje iwe mrija, halafu kila kona ya waya weka atomu ya kaboni. Hiyo ndio nanotyubu. Ya ukuta mmoja ina upana wa nanomita 1 au 2 hivi (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni), na unywele wako ni kama 80,000. Sumio Iijima wa Japani alizionyesha za kuta nyingi 1991, za ukuta mmoja zikafuata 1993.

Balaa yake ni kuwa ikiwa tupu haitaki maji kabisa, zashikana zenyewe kwa zenyewe kama mafuta ya nazi kwenye ndoo, na damu sehemu kubwa ni maji. Kwahivo lazima uivishe nguo, na kazi yangu nusu nzima iko hapo.

Kuna wanaochemsha na asidi ya nitriki na salfuriki, ukuta unatoboka, pale penye tundu pabaki vikundi vya kaboksili vya kubandikia kitu unachotaka. Mimi siipendi. Mrija wa ukuta mmoja ukiumulika kwa leza wang'aa wenyewe, mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, urefu wa wimbi lake nanomita 1000 na kitu, na mng'ao huo wataka ukuta mzima, ukishautoboa toboa taa yazimika. Ishanitokea: siku tatu za kazi, kamera giza totoro, nikaosha chupa nikaenda zangu feri.

Na huo mwanga ndio mali yenyewe, ndio watuonyesha mrija uko wapi ndani ya mwili. Usiku zima taa, weka kidole juu ya tochi ya simu, utaona wekundu tu, rangi nyengine zimemezwa na damu na nyama. Infraredi hii yapenya vizuri kushinda huo wekundu, haitawanyiki sana, na nyama yenyewe haing'ai ng'ai pale ikakuchanganya.

Kwahivo mimi natumia fosfolipidi, aina ya mafuta, mkia wake wa mafuta waukumbatia mrija bila kuutoboa, na upande wa nje una PEG, uzi wa polima inayopenda maji na kuuficha kidogo kwa askari wa mwili. Kwenye ncha ya PEG naweka foliki asidi, eeh ile ile ya vidonge vya kliniki ya wajawazito! Seli zinazogawanyika mbio zaitaka, na kansa nyingi za ovari zimejaza vipokezi vyake, yaani vya kuidakia, nje nje, mrija ukipita wanaswa na seli yaumeza. Kwa kansa ya matiti wengine huweka kingamwili ya kushika HER2, kipokezi kinachojaa kwenye baadhi ya kansa hizo.

Ukishamezwa waweza pia kuupiga leza ya wimbi la nanomita 808, upate moto uiunguze seli, hilo lilionyeshwa kwenye seli za maabara 2005.

Lakini ile mirefu migumu ya kuta nyingi, 2008 ilionekana kwenye panya yaleta uvimbe kama wa asbesto, na 2014 aina moja ikawekwa na IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, kundi la 2B, yaani huenda ikaleta kansa kwa binadamu. Yangu ni mifupi na barakoa sivui, hata hivyo mingi huenda kujikalia kwenye ini na wengu.

Nikamwambia shangazi, kwa panya twaona matumaini, kwa binadamu haijaidhinishwa hata moja. Akasema, haya, wape hao panya salamu zangu.