Je, wajua neno la Kiingereza la sifa tupu lilianza kama chakula?

Kiingereza kina neno "flummery", lisilosikika sana siku hizi. Ni sifa tupu, maneno matamu anayomwagiwa mtu ili ajione mkubwa. Sisi tungesema kavikwa kilemba cha ukoka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba neno hili ni ndugu wa "flatter", yaani kumsifu mtu kwa kujipendekeza. Yote mawili yanaanza na fl, maana zinakaribiana, basi nikaona habari imekwisha. Kumbe hayana undugu wowote. "Flatter" lilitoka Kifaransa cha kale. "Flummery" lilitoka Wales, na kwa Kiwelisi ni "llymru", jina la chakula.

Sasa hiyo fl ilitoka wapi? Weka ncha ya ulimi kama unayetaka kusema "lala", lakini usitoe sauti. Puliza tu, hewa ipite ubavuni mwa ulimi. Hiyo ndiyo ll ya Wales. Waingereza hawana sauti hiyo. Walisikia upepo na l kwa pamoja, wakashika kilichokuwa karibu na vinywa vyao, fl. Ndivyo "khabar" ya Kiarabu ilivyotufikia: kh ya kooni ikalainika, wengi wetu tukasema habari. Majina nayo yanashuhudia. Llwyd wa Wales akawa Floyd, na katika tamthilia ya Henry V, Shakespeare alimwita kapteni wake Mwelisi Fluellen, yaani Llywelyn.

Anayepika uji wa chachu angekielewa chakula chenyewe mara moja. Unga wa oti, nafaka ya nchi za baridi, hulowekwa hadi uchachuke, ukachujwa kwa kitambaa, kisha yale maji meupe yakachemshwa huku yakikorogwa. Yakipoa huganda, ukigusa sahani yanatikisika, na kooni yanateleza bila kutafunwa. Kufikia karne ya 18, meza za matajiri wa Uingereza zilikuwa na flummery ya krimu na lozi, iliyogandishwa katika vyombo vyenye maumbo ya kupendeza. Katika karne hiyohiyo neno likaanza kutumika kwa sifa. Naona kilicholivusha ni ule ulaini: kitu kitamu, kinachoteleza, kisicho na cha kung'ata ndani yake.

Australia jina hilo lilibaki jikoni, kwa kitindamlo cha jeli iliyopigwa pamoja na maziwa mpaka ikajaa mapovu.