Michikichi: Usiokote Mbegu Chini ya Tenera

Wiki iliyopita, kijiji kimoja cha Kigoma, mzee alinifungulia kifuko cha ngazi nono, yaani matunda ya mchikichi. "Mtaalamu, hizi za tenera yangu, ile inayozaa kuliko zote. Nimeshaotesha mia mbili." Miche mia mbili! Nikaomba maji ya kunywa kwanza.

Nimechoka kulisema hili: mbegu ya tenera, ule mchikichi wa kokwa lenye ganda jembamba, haikuhakikishii tenera. Tenera ni chotara, jeni moja ya ganda imeitoa kwa dura, yenye ganda nene, ya pili kwa pisifera, isiyo na ganda. Watafiti Beirnaert na Vanderweyen walishalibainisha hilo Kongo mwaka 1941. Chavua huletwa na wadudu kutoka miti ya jirani, na jirani wa Kigoma mara nyingi ni dura. Hapo nusu ya miche itakuwa dura. Jirani akiwa tenera, utapata robo dura, nusu tenera, na robo pisifera, ambayo mikungu yake mingi huoza kabla ya kuiva. Na utajua lini? Baada ya miaka mitatu minne ya palizi, siku utakayokata chikichi katikati ukute ganda nene lisilo na duara la nyuzi nyeusi kulizunguka. Hiyo ni dura.

Mbegu ya kupanda hutengenezwa: ua jike la dura iliyochaguliwa hufungwa mfuko kabla halijafunguka, kisha likapewa chavua ya pisifera. Watoto wote tenera. Bei yake inauma, lakini shamba utakaa nalo miaka zaidi ya 20. Nunua.

Na huo mti "unaozaa kuliko zote" nilikwenda kuuona. Umeota nyuma ya choo, kando ya jalala. Nani asingenenepa hapo? Ndiyo maana kwenye mkusanyo wetu wa michikichi ya kuzalishia tunapanda uzao wa kila mti katika vitalu vinavyorudiwa, tukahesabu mikungu, tukaipima uzito, tukatenga nyama na ganda, tukafuatilia kimo. Tofauti inayobaki udongo ukishakuwa mmoja ndiyo ya kuzalishia.

Eti kupima mwaka mmoja kunatosha? Hakutoshi. Jinsia ya ua huamuliwa kama miaka miwili kabla ya mavuno, kwa hiyo mkungu unaoukosa leo huenda ulipotea kwenye ukame wa mwaka juzi. Pima miaka minne au zaidi.

Ngazi changa nyeusi ina mafuta kuliko ya kijani? Rangi hiyo haikuambii kitu kuhusu mafuta.

"Dura za kienyeji zikatwe zote." Jamani, dura ndiyo mama! Kule Malaysia na Indonesia dura mama wa mashamba ya biashara wametokana zaidi na michikichi minne iliyopandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848. Msingi finyu huo wa uzazi ndio uliowatoa Wamalaysia kwao hadi Tanzania mwaka 1986 kukusanya mbegu za hizihizi tunazozinolea mashoka. Kama lazima ukate, niite kwanza nichukue mkungu mmoja.